Jiwe Lililolazwa Kifudifudi

Mwaka ulikuwa 1976, kiangazi, mabua ya pamba yakiwa yameng'olewa na kuchomwa moto, nami nilikuwa na umri wa miaka thelathini na minane. Nautaja mwaka bila kusita. Nilijifunza kusoma ukubwani, katika darasa la kisomo lililofanyika kwenye ghala la pamba, tukikalia magunia, na mtu aliyeipata kalenda kwa jasho haiachii ovyo kama yule aliyezaliwa nayo ukutani.

Nilikuwa mjane. Mume wangu aliuawa mwezi wa pili mwaka 1974, wezi wa ng'ombe walipovunja zizi letu alfajiri. Mkuki ulimwingia chini ya mfupa wa bega ukatokea mgongoni, na mimi ndiye niliyeuchomoa, kwa maana wanaume waliofika waliogopa kuugusa. Sikupiga yowe. Nilimwosha kwanza, nikamfunika shuka safi, ndipo nikatoka uani kulia pamoja na wenzangu.

Siku ya kumaliza matanga, mdogo wake alikuja na mkuki wake mwenyewe akaulaza mlangoni pangu. Katika ukoo ule mkuki wa shemeji ukilala kwenye mlango wa mjane, nyumba imepata mwenyewe, na mjane hana haja ya kuulizwa. Niliuokota mbele ya watu wote nikautupa zizini, kwenye samadi.

"Wewe uliletwa hapa na ng'ombe zetu," alisema. "Utalala na mkuki huu, utake usitake."

"Lala nao wewe, shemeji," nilimjibu. "Mnafanana ubaridi."

Watu walicheka, na kicheko kile ndicho kilichonigharimu jino. Alinipiga ngumi ya mdomo, nikaanguka juu ya jiko, na wanangu wanne wakaniona nikitema damu majivuni. Nilisimama nikamwambia kwamba kaya hii ina mama, na mama huyo ni mimi. Tangu siku hiyo kila mtu pale kijijini alijua tunachogombea: kama ningebaki mwenye nyumba katika nyumba ya mume wangu, na watoto wangu na mashamba yangu, bila mwanamume juu yangu, au kama ningekuwa mke wa tatu wa mtu niliyemdharau.

Sisemi kwamba alikuwa mtu mbaya tangu kuzaliwa. Alikuwa kitinda mimba wa mama mkwe wangu, mwenye sauti nzuri kuliko wanaume wote wa ukoo. Wakati wa kulima, yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo na majembe yote yakafuata sauti yake. Mama yake alipofariki mwaka 1969, alikaa siku nyingi karibu na jiwe lake la kusagia akilishika kama mtu anayeshika mkono wa mgonjwa. Baadaye aliacha jembe akaenda kwenye machimbo ya dhahabu, upande wa pili wa Katoro, na huko moyo wake ukawa mgumu kama mwamba alioupasua.

Sasa niseme habari za jiwe lile, kwa kuwa yote yaliyofuata yalilizunguka.

Katika ukoo wa mume wangu, jiwe la kusagia la mama wa kaya huwekwa tumbo juu maisha yake yote. Hugeuzwa kifudifudi mara moja tu, siku anapozikwa. Jiwe likilala tumbo chini, kaya haina mama. Hapasagwi wala hapapikwi, na chakula huletwa na majirani. Matanga yakiisha, mwanamke aliyechaguliwa na ukoo huligeuza tena, husaga uwele kidogo mbele ya wazee, na unga huo hupikwa uji ambao kila mtu huuonja. Kuanzia hapo yeye ndiye mama wa kaya. Mwaka 1969 aliyeligeuza nilikuwa mimi. Mume wangu alikuwa mkubwa, na mama mkwe, kabla hajakata roho, alikuwa amenitaja.

Lilikuwa jiwe la kijivu lenye vipele vyeupe, tumbo lake limelika kwa vizazi vitatu hata likawa na bonde la kutosha kumlaza mtoto mchanga. Mwaka 1976, hata hivyo, mashine ya kusaga ilikuwa imekwisha kufika kijijini, na wanawake tulikuwa tumeanza kuyasahau mawe yetu.

Kanisa lilijengwa mwaka huohuo. Kabla ya hapo tulisali kwenye banda la nyasi. Bruda mmoja wa misheni, fundi wa ujenzi, ndiye aliyechora ramani, na padre, ambaye alizaliwa mwendo wa siku moja kutoka kwetu, ndiye aliyetufafanulia kila kitu kabla tofali la kwanza halijawekwa. Lilikuwa kanisa la mviringo, mfano wa nyumba ya msonge. Wazee walilalamika kwamba kanisa lisilo na mbele wala nyuma si kanisa, kwamba hawatajua mkubwa akae wapi. Padre alijibu kwamba hilo ndilo kusudi lake. Nguzo zilikuwa kumi na mbili kwa ajili ya mitume. Kileleni paliachwa tundu lenye kioo, ili mwanga ushuke juu ya altare saa za Misa kama ulivyoshuka pale palipotokea moshi katika nyumba za bibi zetu. Tabernakulo lilichongwa kwa umbo la kihenge, kwa sababu kihenge ndicho kinachotunza uhai wa nyumba hadi mavuno. Msalaba wa maandamano ulifungwa kwenye mpini wa mkuki wa zamani uliotolewa na wazee, chuma chake kikiwa kimeondolewa. Padre alisema kwamba mkuki uliochoma ubavu sasa umepewa kazi ya kumbeba yule uliyemchoma. Maneno hayo niliyapenda kwa sababu zangu mwenyewe.

Jambo lililonishangaza zaidi ni sakafu. Katika makanisa niliyoyaona Ushirombo na Shinyanga mjini, altare hupandishwa juu kwa ngazi. Bruda aliishusha. Sakafu iliinama kidogo kidogo kutoka ukutani hadi katikati, na altare ikawa mahali pa chini kuliko pote. "Kristo alishuka," alisema kwa Kiswahili chake cha kukatakata. "Maji pia yanashuka. Neema inashuka. Kwa nini altare ipande?"

Kisha akaomba mawe. Kila jumuiya ilete jiwe moja la kusagia, yapate kumi na mawili, nayo yabebe meza ya altare. Mkate, alisema, hauji bila kusagwa, na waliosaga katika nchi hii ni wanawake; basi Ekaristi ikae juu ya kazi yao. Wanawake tulipiga vigelegele hadi akaona haya.

Jumuiya nyingine zilitoa mawe yaliyotupwa nyuma ya nyumba, yenye nyufa, yaliyochoka. Jumuiya yetu iliponiomba mimi, nilitoa lile la mama mkwe. Sikuona sababu ya kumpa Mungu kile ambacho ningeona aibu kumpa mgeni. Wanaume wawili walilibeba kwa machela, nami nilitembea mbele yao nikiwa nimevaa kitenge changu kizuri.

Askofu alikuja kulitabaruku kanisa Jumapili tarehe 3 Oktoba 1976. Altare ilikuwa imefunikwa turubai tangu ilipojengwa, na turubai liliondolewa mbele ya macho yetu ili apake mafuta ya Krisma kwenye meza ikiwa tupu. Vigelegele vilianza kisha vikakatika. Nakumbuka kukatika kwake kuliko kuanza kwake. Mawe yote kumi na mawili yalikuwa yamelazwa tumbo chini.

Bruda hakufanya kwa ubaya. Mgongo wa jiwe ni tambarare, na meza ya zege inakaa vizuri juu ya mgongo kuliko juu ya bonde. Wanawake wengine walinong'ona wakanyamaza, kwani mawe yao yalikuwa mabovu na koo zao hazina desturi kama ya kwetu. Mimi nilitazama jiwe langu chini ya mafuta yaliyokuwa yakidondoka, nikasikia kama mtu ametangaza kifo changu huku nimesimama.

Baada ya Misa nilimfuata padre sakristia.

"Padre, jiwe langu limelala kifudifudi."

"Mawe yote yamelala hivyo, mama."

"Kwetu jiwe hulala hivyo mama wa kaya akifa."

Alivua mavazi yake kwanza. "Bruda hakujua. Nasi wa kwetu hatuna desturi hiyo. Lakini tazama: jiwe limeacha kusaga kwa sababu Ngano imekwisha kusagwa, mara moja, kwa ajili ya wote. Ni kweli kuna kifo chini ya altare. Bila kifo hakuna altare."

"Nimeelewa, padre. Lakini shemeji yangu hataelewa."

"Tutamweleza."

Hawakuwahi kumweleza. Tarehe 9 Februari 1977, siku ya Jumatano, mvua ikiwa imenyesha mfululizo, duara la shemeji yangu liliporomoka. Duara ni shimo la wachimbaji. Matimba yaliyoshikilia kuta zake yalikuwa yameoza, na kila mchimbaji alijua kwamba yameoza. Mwanawe wa kwanza, kijana wa miaka ishirini, alifukiwa humo. Walimtoa kwa majembe wakiwa na haraka, na majembe yalimkata kabla hawajamfikia. Niliuona mwili. Nilikuwa nimemlea kijana yule, nikamsagia unga juu ya jiwe lilelile.

Mfumu, yaani mganga wa huko machimboni, alimwambia shemeji kwamba dhahabu imemkimbia na mwana amemezwa kwa sababu mama yake marehemu amefungiwa chini ya kitambaa cheupe, tumbo chini, asipumue. Na aliyemfungia ni mwanamke anayetaka kaya yote ibaki kwake.

Neno lilifika kijijini kabla ya kumaliza matanga. Ninaandika haya kwa watu ambao huenda hawajui maana ya kuitwa mchawi katika nchi ile, miaka ile. Mwezi mmoja kabla, katika kitongoji jirani, bibi mmoja aliyepikia kinyesi cha ng'ombe maisha yake yote, na moshi ukamfanya macho kuwa mekundu, nayo macho mekundu huko yalihesabiwa alama ya uchawi, alikutwa amekatwa mapanga shingoni na mikononi, bado ameshika mwiko. Hakuna aliyekamatwa. Nilikwenda kumzika. Wakati tunarudi, wanawake wawili niliowafundisha kuandika majina yao walipishana nami njiani bila kunisalimia.

Nilimwambia binti yangu mkubwa, "Kuanzia leo mnalala kwa shangazi yenu."

"Na wewe, mama?"

"Mimi ni mama wa kaya. Nitalala kwenye kaya."

Jumapili tarehe 20 Machi 1977, Jumapili ya nne ya Kwaresima, shemeji alikuja kanisani wakati wa kutolea vipaji, mkate na divai. Alikuwa na nyundo ya kuvunjia mwamba, ile yenye mpini mrefu. Hakupiga kelele. Aliteremka ile sakafu inayoinama, taratibu, kama mtu anayepeleka vipaji, na watu wakampisha kwa kudhani hivyo. Alipofika altare alipiga kona ya meza kwa pigo la kwanza. Zege likapasuka, mgongo wa jiwe langu ukabaki wazi. Kalisi ikaanguka, divai ikamwagika kwenye kitambaa.

"Mama!" aliita. Hakuwa akiniita mimi. "Mama, nakutua mzigo mgongoni!"

Nilikuwa benchi la pili. Sikumbuki kusimama. Nakumbuka tu kwamba nilikuwa nimepiga magoti mbele ya jiwe langu, mkono wa kushoto juu yake, na nikamwambia, "Shemeji, hili si lako kuligeuza."

"Toka, mchawi!"

"Nani alisaga juu yake akakulisha mwaka ule wa njaa? Mimi. Piga."

Alipiga. Sijui kama alikusudia jiwe au mkono. Vidole viwili vilibaki kwenye mgongo wa jiwe vimepondwa kama mtama, na damu yangu haikutawanyika, kwa kuwa sakafu ile haitawanyi kitu. Ilishuka ikakusanyika katikati, chini ya altare, pamoja na divai. Wakati ule niliona jambo ambalo bruda hakulichora katika ramani yake, na sijapata kulisahau.

Kisha wanaume walimfikia. Sijaona watu wakipiga namna ile, hata wezi wa ng'ombe. Walikuwa wamevaa mashati yao ya Jumapili. Mmoja alivunja ubao wa benchi. Katekista wetu, mtu mpole aliyetufundisha sala ya kitubio, aliung'oa msalaba wa maandamano kwenye kishikio chake, akaugeuza, akampiga nao kwa mpini, akamvunja goti la kulia. Nilisikia goti likilia kama kuni kavu. Aliendelea. Kila pigo alilisindikiza na neno: "Altare! Altare! Altare!" Yule Kristo mdogo wa shaba, aliyekuwa kichwa chini kwenye mpini ule, aliyumba huku na huku mikononi mwake. Padre alikuwa akipiga kelele waache, na hakuna aliyemsikia, kwa maana sauti iliyokuwa ikisikika ilikuwa ya shemeji, ile sauti nzuri, ikiomba maji.

Mimi ndiye niliyewazuia. Nililala juu yake.

"Acheni!"

"Ondoka, mama, tummalize!" alisema katekista, macho yake hayanitambui.

"Akifia hapa jiwe litakuwa lake," nilisema. "Acheni. Sitaki afe juu ya jiwe langu."

Watu wengi waliniita mtakatifu baadaye kwa kitendo kile. Sikuwa mtakatifu. Nilikuwa nikilinda mali yangu, na kama palikuwa na huruma ndani yake, huruma hiyo ilikuja ikiwa imeshika mkia wa kiburi. Padre alipoikuta shanga moja ya rozari yangu iliyokatika ndani ya damu, aliiosha akanirudishia bila kusema neno, na nikamheshimu kwa kunyamaza kwake.

Tulipelekwa hospitali ya misheni katika gari moja, mimi na shemeji, tumelazwa sambamba nyuma ya Landrova. Barabara ilikuwa mbovu. Kila gari liliporuka alinigonga bega, akasema "samahani" kila mara, kwa mazoea tu, kama mtu aliyesinzia. Vidole vyangu viwili vilikatwa. Goti lake halikupona.

Siku chache baadaye wachimbaji wanne, rafiki zake, walikuja mchana kweupe wakachoma vihenge vyangu viwili na kumkata maksai wangu mishipa ya miguu, akabaki amekaa chini akilia hadi jirani alipomchinja. Vijana wa kanisa nao wakaenda Katoro siku ya gulio, wakamkuta mmoja wao akinunua chumvi, wakampiga kwa mawe hadi akapoteza jicho. Polisi walikuja, wakaandika, wakaondoka. Kama shemeji angeshtakiwa kwa vidole vyangu, katekista angeshtakiwa kwa goti lake, na vijana kwa jicho, na wachimbaji kwa maksai. Ikaonekana kwamba kijiji kizima kingepanda karandinga moja la polisi. Wazee wa ukoo, halmashauri ya parokia na mwenyekiti wa kijiji wakakubaliana shauri limalizwe nyumbani.

Kikao kilikaa Jumamosi tarehe 16 Julai 1977, ndani ya kanisa, kwa kuwa padre alisema jambo lililovunjikia humo litengenezwe humo. Tulikaa kwenye mviringo wa mabenchi, hakuna wa mbele wala wa nyuma. Shemeji aliletwa kwa mkongojo. Nilimsalimu, akaitikia akitazama sakafu. Ukoo ulikuwa umemwita mtani wetu, bibi mmoja wa meno matatu, kwa sababu katika shauri la damu mtani ndiye mwenye ruhusa ya kusema kile ambacho wengine wanakimeza.

"Mwangaluka, wauaji wangu," alianza kwa salamu ya asubuhi, akiketi. "Nani ameua? Hakuna? Hata mmoja? Basi mmeniita bure, mimi nilikuja kula ng'ombe wa maombolezo."

Hata shemeji alitabasamu, kwa mara ya kwanza.

Bruda alisimama akasema kwa unyenyekevu kwamba hakujua desturi, na kwamba yuko tayari kuliondoa jiwe. Lakini hawezi kuligeuza likiwa palepale, kwani meza haitakaa juu ya bonde.

"Liondolewe, lirudi kwenye ukoo," alisema shemeji. "Mke wangu mkubwa aligeuze."

Hapo ndipo kila mtu alipoinua kichwa. Hilo ndilo lililokuwa moyo wa shauri, na lilikuwa limefichwa chini ya mengine yote kama jiwe lenyewe. Mke wake akiligeuza, mke wake ni mama wa kaya. Na mume wake ni mwenye kaya. Na mimi ni mgeni katika nyumba niliyozalia.

"Mkeo?" aliuliza mtani. "Yule anayepeleka hata karanga mashineni? Atalishika jiwe kwa upande gani?"

"Bibi, usinitanie. Nimezika mwana."

"Sikutanii, baba. Nakuuliza. Mama yako alipolala, nani aligeuza jiwe?"

Aligeuzageuza mkongojo mikononi.

"Nani? Mimi nilikuwepo, nilikula uji. Nakuuliza wewe mwenye mama."

"Yeye," alisema, akinielekezea mkongojo.

"Ukauonja uji?"

"Niliuonja."

"Ulikuwa mchungu?"

Akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Alilia, mbele ya halmashauri, mbele ya wake zake, kwa sauti ileile iliyokuwa ikianzisha nyimbo shambani, na akasema maneno ambayo nayaandika kama alivyoyasema: "Nilitaka tu apumue."

"Alipumua siku zote," nilisema. "Ni wewe uliyekuwa hupumui, shemeji. Machimbo yalikukaba."

"Usimpige aliyelala," mtani alinikaripia. "Umeshinda, nyamaza."

Nikanyamaza. Ni vigumu kwangu hata leo.

Wazee walitoka nje wakashauriana kwa muda. Waliporudi, mkubwa wao alisema kwamba ukoo umeamua hivi: jiwe litatolewa chini ya altare, litageuzwa na yule aliyeligeuza mara ya kwanza, halitarudi kwenye kaya yoyote, ili asiwepo wa kuligombania tena, bali litabaki kanisani, tumbo juu, na mkuki wa shemeji hautalazwa tena mlangoni kwa mjane wa kaka yake. Mwenyekiti aliandika. Shemeji aliweka dole gumba kwenye wino. Mimi niliandika jina langu lote kwa mkono wa kulia, pole pole, herufi zikiwa zimenyooka.

Bruda na wanaume watano waliinyanyua meza kwa nondo na kulivuta jiwe. Mtani alichungulia pengo lililobaki.

"Padre, kwa hiyo wamebaki kumi na mmoja?"

"Kumi na mmoja, bibi."

"Sasa yupi alikuwa Yuda?"

Watu walicheka hadi sauti ikarudi kutoka kileleni. Padre mwenyewe alifunika uso. Bruda alitaka kuziba pengo kwa saruji siku ileile, na padre akamwambia aliache wazi. Liko wazi mpaka leo, nadhani. Watoto huchungulia humo wakati wa mahubiri.

Waliliweka jiwe karibu na mlango, bado kifudifudi, juu ya nguzo fupi ya matofali. Nilivua viatu. Mkono wenye vidole vitatu haunyanyui jiwe la vizazi vitatu, na nililijua hilo tangu asubuhi, ila sikumwambia mtu. Nililishika upande wa kulia, nikasukuma, likainuka kidogo, likarudi. Nikasukuma tena. Hakuna aliyethubutu kunisaidia, kwa kuwa hiyo ndiyo desturi. Mara ya tatu mkono mwingine ulishika upande wa pili, mkono wenye vumbi la mwamba kwenye kucha. Mkongojo wake ulianguka sakafuni, ukaviringika kuelekea altare.

Nilimtazama. Ningeweza kumwambia atoe mkono.

"Nyanyua, shemeji," nilisema.

Jiwe liligeuka. Tumbo lake lilikuwa na mchanga na chokaa, na ndani ya bonde palikuwa na doa lililopenya hata lisiosheke. Mtani alitoa uwele kwenye fundo la khanga yake, nikausaga mbele yao kwa jiwe dogo la mkononi, na unga ule ulipikwa uji nje ya kanisa, wote wakaonja, pamoja naye. Padre alisubiri hadi tumalize. Kisha akaliosha jiwe, akalijaza maji, akayabariki, na kila aliyetoka siku ile alichovya kidole humo kabla ya kwenda zake. Mimi nilitoka wa mwisho, kama inavyompasa mwenye nyumba.